Mikono ya Gizani

Mwaka 1877 karani wa benki katika mji wa Rochester, jimbo la New York, alinunua vifaa vya kupigia picha. Jina lake George Eastman, kijana wa miaka 23 aliyeacha shule akiwa na miaka 14 ili amsaidie mama yake mjane. Alikuwa akipanga safari ya Santo Domingo, na mwenzake kazini akamshauri aende na kamera. Safari haikufanyika. Vifaa vikabaki mkononi, naye akaanza kujifunza kuvitumia.

Kazi ilikuwa nzito. Tangu 1851, Mwingereza Frederick Scott Archer alipotangaza njia yake ya kolodioni, picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa papo hapo. Kioo kiliingia kwenye kamera kingali kibichi, kikapigwa kingali kibichi, kikasafishwa kingali kibichi. Dawa ikikauka, picha imekufa. Aliyetaka kupiga picha nje ya nyumba alibeba hema la giza, chupa za dawa, mabeseni na maji. Mtu mmoja alikuwa mpakaji, mpigaji, msafishaji na mchapaji.

Huku kwetu njia hiyo ilimshinda mtu mapema. James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860, na picha hizo zipo mpaka leo. Baadaye Speke aliona kwamba joto la kile kihema cha kuandalia vioo lingemuua mwenziwe, na kazi ya kamera ikaachwa. Kuanzia hapo Grant alichora kwa mkono. Ndiyo maana Karagwe ya mfalme Rumanika na Buganda ya kabaka Mutesa, kama wasafiri wale walivyozikuta mwaka 1861 na 1862, zimetufikia kwa michoro yake.

Eastman alisoma katika majarida ya Uingereza habari za vioo vikavu, vyenye fedha iliyoshikwa ndani ya jelatini, ambavyo vingeweza kukaa miezi kabla ya kutumika. Mchana alishughulika na vitabu vya benki, usiku alipika dawa jikoni kwa mama yake. Mwaka 1879 akapata hataza London ya mashine ya kupaka vioo, na Januari 1881 akaanzisha kampuni pamoja na Henry Strong, mtengenezaji wa mijeledi aliyekuwa mpangaji nyumbani kwao.

Kilichogeuza mambo kilikuja 1888. Kamera aliyoipa jina la Kodak iliuzwa kwa dola 25, ikiwa tayari na mkanda wa picha 100 ndani. Mnunuzi alivuta uzi, akabonyeza, akazungusha. Picha zikiisha, aliifunga kamera nzima akaituma Rochester pamoja na dola 10. Huko mikono asiyoijua iliifungua, ikasafisha, ikachapa, ikatia mkanda mpya na kumrudishia. Tangazo la kampuni lilimwahidi mteja kwamba yeye abonyeze tu, yaliyobaki yote ni kazi yao. Mwaka uliofuata mkanda wa karatasi ukapisha mkanda wa seluloidi unaopenya mwanga, na filamu tunayoijua ikazaliwa.

Hapo ndipo mpigaji na msafishaji walipoachana njia. Watu wanapobishana leo kuhusu filamu na dijitali, mabishano huenda kwenye rangi, ukali wa picha na bei. Mimi naona jambo kubwa la karne hii na nusu ni hao waliokaa katikati, kati ya kidole kinachobonyeza na mkono unaopokea picha. Eastman aliwaleta kwa maelfu. Dijitali iliwaondoa, na kuondoka kwao kuna hadithi ndefu kuliko ya mashine.

Mwaka 1900 ilitoka Brownie, kamera ya sanduku ya dola moja, na mkanda wake wa picha sita kwa senti 15. Kamera ilikuwa chambo tu. Faida ilikuwa kwenye mkanda, kwenye karatasi na kwenye dawa, vitu vinavyoisha na kununuliwa tena. Utajiri uliotokana na hesabu hiyo ulimleta Eastman mwenyewe Afrika Mashariki mwaka 1926, mzee wa miaka 72, akiwinda na kupiga filamu Kenya na Tanganyika pamoja na Martin na Osa Johnson, na akigharimia kazi ya Carl Akeley ya kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alijiua Machi 1932, akiwa mgonjwa. Kampuni ikaendelea na hesabu ile ile.

Pwani yetu ilikuwa na studio tangu kabla ya Brownie. Mwishoni mwa karne ya 19 Wagoa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho walifanya kazi Unguja, wakipiga watawala, wafanyabiashara na mitaa ya Mji Mkongwe, na kuuza kadi za posta zilizofika Ulaya. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga wake kwa waume waliokuja na nguo zao za sikukuu. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe, alikata na kuunganisha picha hadi sura ya mteja ikachomoza ndani ya ua.

Studio hizo ziliishi kwa meli. Mkanda, karatasi, unga wa dawa, balbu, vyote vilitoka ng'ambo, na kila picha moja ilikuwa fedha iliyovuka bahari. Tukiangalia picha za babu zetu, kanzu imenyooshwa, mama ameketi wima na mtoto magotini, hakuna anayecheka, wapo wanaosema kwamba watu wa zamani walikuwa wakali. Wale walijua kwamba fundi atabonyeza mara moja au mbili, basi. Mtu hukaa namna nyingine akijua kwamba nafasi ni moja.

Nyuma ya pazia la studio kulikuwa na chumba cha giza, na humo ndimo ufundi wenyewe ulimokaa. Mkanda hutolewa kwenye ganda lake katika giza totoro, kwa vidole tu, ukatumbukizwa kwenye dawa ya kusafishia. Vitabu vya kampuni vilitaka dawa iwe na joto la nyuzi 20. Maji ya bomba ya Unguja au Mombasa hayafiki huko hata usiku. Dawa ikiwa ya moto, mkanda husafika kwa kasi isiyotawalika, jelatini huvimba na kulainika, na kidole kikigusa vibaya utando hukunjika au kubanduka. Kwa hiyo palitakiwa barafu, palitakiwa saa, na palitakiwa mtu aliyejua mwezi gani apunguze dakika ngapi. Baada ya dawa ya kukazia na maji mengi, mkanda uliwambwa ukauke mbali na vumbi. Kisha ikaja kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano: fundi aliinamia negativu juu ya kioo chenye taa, akajaza kwa vidoto vidogo kovu la ndui au mkunjo chini ya jicho. Penye doa la giza usoni pa mteja, kwenye negativu ni pembamba. Penseli ikizidi, uso unatoka kama chokaa. Picha ikishachapwa, wapo walioipaka rangi kwa mkono, midomo, kitambaa, maua ya zulia.

Mteja hakuona lolote kati ya hayo. Aliambiwa arudi baada ya siku kadhaa, akapewa bahasha. Na kama kijana wa studio alifungua mlango kabla ya wakati, picha zikaungua, harusi nzima ikapotea pasipo dawa.

Rochester kwenyewe, wale wa katikati walifanya kazi ambayo wengi hawajawahi kuiwazia. Filamu haiwezi kupakwa kwenye mwanga. Katika eneo la viwanda lililoitwa Kodak Park, watu waliingia zamu katika majengo ya giza, wakatembea njia walizozikariri, wakaendesha mashine kwa kugusa na kusikia. Walichopaka ni jelatini itokanayo na mifupa na ngozi za ng'ombe, yenye chembe za chumvi ya fedha, na jelatini hiyo ilikuwa na siri yake. Mwaka 1882 vioo vya Eastman vilianza kuharibika bila sababu. Alivirudisha kutoka madukani, akabeba hasara, akavuka bahari kwenda Uingereza kulitafuta kosa, na akarudi akijua kwamba jelatini waliyouziwa ndiyo iliyokuwa mbaya. Kwa nini ni mbaya, hakuna aliyejua hadi miaka ya 1920, mwanakemia Samuel Sheppard wa maabara ya Kodak alipogundua kwamba baadhi ya jelatini ina chembe ndogo sana za salfa, zitokanazo na mimea ya jamii ya haradali iliyoliwa na ng'ombe. Chembe hizo ndizo zinazoifanya fedha iwe nyepesi kuhisi mwanga. Malisho ya ng'ombe yaliamua kama picha itatoka au haitatoka.

Mikono hiyo ya gizani ilikuwa ya nani? Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu karibu yote. Kodak iliwatunza watu wake. Tangu 1912 iliwagawia sehemu ya faida. Weusi waliohamia Rochester kutoka kusini mwa Marekani waliukuta mlango umebanwa. Julai 1964 mji ulilipuka kwa ghasia. Mwaka uliofuata wakazi weusi na makanisa yao wakaunda chama kilichoitwa FIGHT, kikiongozwa na mchungaji Franklin Florence na kushauriwa na Saul Alinsky, kikaitaka Kodak iajiri watu 600 kutoka mitaa yao. Tarehe 20 Desemba 1966 ofisa mmoja wa kampuni alitia saini makubaliano. Baada ya siku chache wakubwa wake wakayakana. Aprili 1967 wana FIGHT walikwenda hadi kwenye mkutano wa wanahisa uliofanyika Flemington, New Jersey, na ni Juni ya mwaka huo ndipo maelewano yalipopatikana.

Nayaweka mambo hayo hapa kwa sababu filamu ya rangi ilipimwa kwa macho ya watu wale wale. Maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley kwa jina la wa kwanza aliyepigwa. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtu mweusi akisimama karibu na Mzungu katika picha moja, uso wake ulizama gizani, yakabaki macho na meno. Picha za namna hiyo zimo katika albamu nyingi za Afrika, na wengi waliozipokea waliamini kwamba kosa ni la ngozi yao. Kosa lilikuwa la kemia, na kemia ilichaguliwa na watu. Mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alilalamika kwamba filamu ya Kodak ina ubaguzi. Kampuni ilikuja kuirekebisha kemia yake, na kati ya waliosikilizwa mwanzo walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao hawakuridhika na jinsi rangi za kahawia zilivyotoka katika matangazo yao. Linaniuma kila nikilifikiri: chokoleti na mbao zilipata majibu kabla ya watu.

Kulikuwa na aliyemwondoa msafishaji hata kabla ya dijitali. Edwin Land alionyesha kamera yake ya Polaroid mwaka 1947 na kuanza kuiuza 1948. Picha ilijisafisha yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi, mpigaji akiwa bado amesimama mbele ya mpigwa. Wengi waliipokea kwa furaha. Serikali ya makaburu Afrika Kusini nayo iliipokea, kwa sababu ilifaa sana kwa vitambulisho ambavyo kila Mwafrika alilazimishwa kubeba. Askari au karani hakuhitaji studio wala fundi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Marekani, Ken Williams na Caroline Hunter, waliligundua hilo wakaanza kampeni dhidi ya mwajiri wao. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 kampuni iliondoka Afrika Kusini. Anayedhani kwamba kasi ya picha ni heri tupu aisome habari hiyo polepole.

Waandishi wa habari waliteswa na kungoja kuliko watu wote. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mjini Dar mwaka 1963, na miezi michache baadaye Mapinduzi ya Zanzibar yakampa kazi iliyomtambulisha duniani. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar kwa wiki kadhaa. Julai 1969 alifika mahali mwanasiasa Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, akampiga picha katika dakika zake za mwisho. Siku hizo picha ikishapigwa, nusu ya kazi ilikuwa bado: mkanda ulifungwa kwenye mfuko, ukakimbizwa uwanja wa ndege, ukasafiri usiku hadi London, ukasafishwa na watu asiowaona. Mpigaji hakujua kama alichokiona ndicho alichokipata. Amin alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro, naye akaacha Nairobi hazina ya picha na negativu ambayo bila yake tusingejua sura ya miaka yetu ya kwanza ya uhuru.

Sasa turudi Rochester, maana adui wa filamu alizaliwa ndani ya nyumba ya filamu. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell, Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa chaji za umeme zinazohesabika. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, aliyeajiriwa 1973, aliambiwa na msimamizi wake Gareth Lloyd atazame kama kipande hicho kina faida yoyote. Sasson alichukua lenzi ya kamera ya sinema, betri 16, kinasa sauti cha kaseti, na kipande cha silikoni chenye pikseli 100 kwa 100. Desemba 1975 kifaa kilikuwa tayari, kizito kama kilo 3.6. Alimwomba mfanyakazi wa jirani akae apigwe. Kupiga kulikuwa kwa kufumba na kufumbua. Kuiandika picha kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Kwenye skrini ya televisheni nywele zikaonekana, ukuta ukaonekana, uso ukawa umevurugika. Mwenye uso akasema bado kuna kazi. Wakabadilisha nyaya kadhaa, na uso ukatokea.

Kaseti ile ingeweza kubeba picha nyingi zaidi, lakini Sasson aliipangia 30. Alichagua tarakimu iliyo kati ya 24 na 36, idadi za picha katika mkanda wa kawaida, ili wakubwa wake wasishtuke. Nalipenda jambo hilo kuliko yote katika hadithi yake. Alijua anazungumza na watu ambao mkate wao ni mkanda.

Kifaa kilionyeshwa kwa wakubwa chumba kwa chumba. Waliuliza kwa nini mtu atake kutazama picha zake kwenye televisheni, na albamu itakuwa ya namna gani. Waliuliza itachukua muda gani hadi kifaa hicho kishindane na filamu. Sasson alikisia miaka 15 hadi 20. Hataza ikatolewa 1978, chini ya jina la Kodak. Mfanyakazi mwingine wa kampuni hiyo hiyo, Bryce Bayer, alipata mwaka 1976 hataza ya mpangilio wa vichujio vyekundu, kijani na buluu juu ya pikseli, na mpangilio huo ndio ulio ndani ya kamera za simu nyingi mifukoni mwetu leo. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba Kodak hawakuona. Waliona mapema kuliko wengine wote. Mwaka 1988 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 145,000 duniani, na karibu wote walikula kutokana na kitu ambacho kamera ya Sasson haikukihitaji. Mwaka 1989 Sasson na Robert Hills walitengeneza kamera ya kisasa kabisa ya kidijitali, na wauzaji wa kampuni wakaikataa kwa sababu ingekula soko la filamu. Nikijiweka mahali pao, siwezi kuwaita wajinga. Waliombwa waue kazi za mji mzima kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijaingiza hata senti.

Mwaka 1991 Kodak waliuza kamera ya kidijitali kwa waandishi wa habari: mwili wa Nikon F3, pikseli milioni 1.3, na kisanduku cha kuhifadhia kilichoning'inia begani, kwa bei ya dola kama 20,000. Kilikuwa kitu cha mashirika makubwa. Kutoka hapo bei zilishuka mwaka hadi mwaka, na Novemba 2000 simu ya Sharp yenye kamera ikaanza kuuzwa Japani. Huo ndio mwaka ambao mahitaji ya filamu duniani yalifika kileleni. Yalipoanza kushuka hayakushuka kidogo kidogo. Kwa miaka kadhaa yalipungua robo au zaidi kila mwaka.

Fujifilm wa Japani, chini ya Shigetaka Komori, walichukua ujuzi wao wa jelatini na utando mwembamba wakaupeleka kwenye skrini za televisheni bapa na vipodozi vya ngozi, wakapona. Kodak mwaka 2004 waliacha kuuza kamera za filamu Marekani na Ulaya Magharibi. Mwaka 2007 majengo makubwa ya Kodak Park yakaangushwa kwa baruti, wafanyakazi wa zamani wakitazama. Hataza za kidijitali za kampuni ziliiingizia mabilioni ya dola kutoka kwa washindani waliozitumia. Kodachrome, filamu ya rangi ya 1935 iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, iliacha kutengenezwa 2009. Usafishaji wake ulikuwa mgumu mno hata maabara ikabaki moja tu duniani, Dwayne's Photo katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas, na watu walisafiri huko kwa magari na kwa ndege wakibeba mikanda ya marehemu wazazi wao kabla ya siku ya mwisho, 30 Desemba 2010. Tarehe 19 Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia yake. Mashine za kusafisha picha kwa saa moja zilikuwa zimeshawapokonya kazi watu wengi wa chumba cha giza kabla simu hazijafika. Kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha wengi waliotoka bara walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na wasafiri wakapigwa wakiwa kama wanaondoka kwenda mbali. Vurugu za Agosti 1997 ziliwatawanya wengi. Gulu, kaskazini mwa Uganda, studio moja ilikuwa na mashine inayotoa picha nne za kitambulisho kwa mara moja. Mteja aliyehitaji moja tu alipigwa picha ya kawaida, na uso ukakatwa. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitaliano aliyeishi Burundi, Martina Bacigalupo, alikuta masalio hayo: watu wameketi na suti ya kuazima, na mtoto mapajani, na fimbo mkononi, na mahali pa uso pana tundu la mraba. Mwaka 2013 yakawa kitabu. Kamera ya simu isingeacha masalio hayo, wala isingehitaji mtu wa mkasi.

Na ni haki kusema upande wa pili. Binti anayeuza samaki Tanga anaweza leo kumpiga mama yake picha mia bila kumlipa mtu, akaona papo hapo kama uso umetoka, akaongeza mwanga. Kwa watu ambao kadi ya Shirley iliwasahau, kuona papo hapo ni ukombozi wa kweli. Lakini picha hizo hazina mtunzaji. Studio ilihifadhi negativu kwenye bahasha yenye namba na jina, pengine miaka hamsini, kwa sababu mteja angeweza kurudi kutaka nakala. Simu ikianguka baharini hakuna wa kuuliza.

Rochester hawajafunga kabisa. Filamu ya Kodak bado inapakwa gizani katika jengo nambari 38, na vijana wanaoinunua wameongezeka. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kurudisha Ektachrome, filamu iliyosimamishwa 2012. Hatimaye ilitolewa Septemba 2018, imechelewa, kwa kuwa baadhi ya kemikali hazikuwa tena na wauzaji na ilibidi njia zake zitafutwe upya. Walifaulu kwa sababu kanuni ziliandikwa na waliozijua walikuwa bado hai.

Mafundi wa studio zetu hawakuandika. Walijifunza kwa kusimama nyuma ya bwana, gizani, wakisikiliza maji. Waliobaki ni wazee, na negativu zilizobaki nao zimo kwenye maboksi yanayoliwa na unyevu wa bahari. Nataka waendewe wangalipo, na kinasa sauti na boksi moja la negativu mezani, waulizwe dawa waliipoozaje mwezi wa Februari barafu ilipokosekana, penseli gani haikukwaruza jelatini, unga wa dawa ukiadimika walichanganya nini na nini, na yule bibi harusi wa 1962 kwenye bahasha isiyo na jina ni binti wa nyumba gani.